Goti la Mama na Kitambaa cha Watu

Magoti ya mama yangu ulikuwa unayasikia kabla hujamwona mwenyewe. Kra, kra, kra, kama mtu anavunja kuni kavu nyuma ya nyumba. Sisi watoto wake tuliyapenda sana hayo magoti, kwa sababu kama ulikuwa unafanya ujinga wako yanakupa habari mapema, unapata muda wa kukaa vizuri na kuweka uso wa mtoto wa kanisa. Hiyo ilikuwa kambini, Tanzania, nilikozaliwa. Tuliporudi Burundi magoti yakaacha kulia. Yakawa hayakunjiki. Hapo ndipo tukajua kwamba kelele ilikuwa afadhali.

Tulirudi Giteranyi, huku Muyinga, kwenye kilima alichokikimbia mama akiwa bado mke mpya mwenye mtoto mmoja. Baba hakurudi, yeye alibaki kwenye makaburi ya kambini. Shamba lilikuwepo, ila lilikuwa na mtu ndani: baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye hakukimbia. Alitupa kipande cha juu chenye mawe, tukajenga. Kile cha chini kinachoshuka mpaka bondeni, chenye udongo mweusi, migomba na mibarika iliyojiotea, akasema hicho ni chake tangu zamani. Mama akasema mpaka upo, ni ule mstari wa minyaa, aliupanda yeye na marehemu kwa mikono yao. Baba mdogo akasema minyaa aliipanda yeye, katikati ya shamba lake, mbuzi wake wapate kivuli.

Nani anapanda minyaa mstari mzima kwa ajili ya kivuli cha mbuzi? Baba mdogo, inaonekana.

Wazee wa kilima, wale tunaowaita bashingantahe, wakasikiliza pande zote mbili wakasema maneno yametosha. Maharage yakishavunwa, siku watakayoitangaza, mama atautembea mpaka wake kwa miguu kuanzia juu hadi bondeni, mbele ya watu, anataja kila kona. Kwetu ndivyo inavyofanyika: anayedai ardhi anaitembea. Mimi nisingeweza kuutembea kwa niaba yake, nilizaliwa kambini, huo mpaka siujui hata ukinining'iniza. Baiskeli haishuki pale. Nikamwambia mama basi tukubebe kwenye machela. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kwenye machela anabebwa mgonjwa ama maiti," akasema. "Nikifika nimebebwa watasema huyu shamba la nini tena, si ni wa kuzikwa tu?"

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Goti likikunjika, tuna shamba. Goti likikataa, tuna mawe.

Kwenye zahanati walimpa vidonge. Vidonge vikamwacha na magoti yale yale, vikamwongezea tumbo linalowaka.

Mimi nikarudi kwenye kazi yangu Gitega, nabeba watu kwa baiskeli. Mji ulikuwa umeshaitwa mji mkuu wa siasa, wakubwa walikuwa wanahamia na makabati yao, na mtu mwenye baiskeli nzuri na mdomo mzuri alikuwa hakosi chakula. Baiskeli yangu ilikuwa ya wastani, lakini mdomo je! Basi asubuhi moja sokoni nikapata abiria, bibi mmoja Mwislamu, mtandio mweupe, kapu kubwa la majani mapajani. Yale majani yalikuwa yananuka kama zahanati imeolewa na jikoni. Tunapanda mlima, mi nahema, yeye huko nyuma akanibonyeza mgongoni kwa kidole, chini ya bega, mahali pale pale panaponiuma kila jioni.

"Hapa iko inakuuma," akasema.

Karibu tuanguke kwenye mtaro.

"Bibi, umejuaje?"

"Sha, mi niko nyuma yako tangu soko. Unakanyaga na mguu moja, ule ingine unafanya tu kusindikiza."

Bibi yule alikuwa mtu wa Gitega wa kuzaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huku, cha iko iko na Kifaransa kidogo. Changu ni cha kambini, cha Kitanzania, na watu wa Gitega wakinisikia wananiuliza kama nasoma habari redioni. Tulivyofika kwake akanionyesha kazi yake. Alikuwa anakanda watu kwa mifuko ya majani ya moto: viungo, misuli, migongo, mabega ya wabeba mizigo. Alijifunza akiwa msichana, anafanya kazi jikoni kwa tajiri mmoja wa vitambaa, Mhindi. Mama mzazi wa yule tajiri alikuwa na magoti mabovu, na ndiye aliyemfundisha. Ni dawa ya kwao Wahindi, ya zamani sana, wenyewe wanaiita ayurveda. Bibi alilitamka hilo neno polepole, kama mtu anayebeba yai.

Nikamweleza magoti ya mama. Sikutaka kumweleza, lakini mdomo wangu huwa haunisubiri. Nikamweleza na shamba, na minyaa, na mbuzi.

"Mulete," akasema.

"Utataka nini?"

"Kule kwenu mbarika iko?"

"Ipo. Upande wa chini."

"Bon. Akipata shamba yake utaniletea majani ya mbarika, gunia nzima. Hapa Gitega wanakata yote wanajenga."

Hapo nikaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Kila mtu duniani alikuwa anataka kitu kwenye kile kipande cha chini. Halafu akaongeza lile lililonimaliza kabisa.

"Na akuje na kitambala yake ya zamani. Ya pamba. Ile amevaa, amevaa, mpaka imelegea."

Sasa niwaambie kitu kimoja kuhusu sisi. Nywele zako, kucha zako na nguo uliyoivaa ikalegea, hivyo havitoki nyumbani kwenda kwa mtu usiyemjua. Nguo iliyonyonya jasho lako ni wewe mwenyewe, ila umekunjwa. Kambini mimi nilikuwa nikikata kucha, mama anasimama pale pale mpaka nizifukie. Nikamuuliza bibi kwa nini asitumie kitambaa kipya, sokoni vimejaa. Akasema kipya kina wanga na plastiki, kwenye moto kinayeyuka kinang'ang'ania ngozi ya mtu. Jibu zuri. Lakini na mimi nikiwa mrozi, nikitaka nguo ya mtu nimroge, si ningetafuta jibu zuri kama hilo?

Nikampigia mama simu.

"Anataka nguo yangu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Niliyoivaa."

"Ndiyo."

"Na ni Mwislamu."

"Ndiyo, lakini mama..."

"Anakaa na nani?"

"Peke yake. Na paka."

"Wa rangi gani?"

"Mweusi. Ila miguu ina weupe."

Mama akasema, "Nakuja." Hivyo hivyo, bila kubishana, mama yangu huyu ambaye hubishana hata na mvua. Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale.

Alifika Gitega na gari, akashuka ubavu ubavu kama kaa, nikampakia kwenye baiskeli mpaka kwa bibi. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, sufuria ya chuma nzito, kinu, na yule paka amelala kwenye jiwe. Mama alianza na paka. Akamwangalia, paka akamwangalia. Paka ndiye aliyeondoka kwanza, nikasema afadhali, tumepata pointi moja.

Bibi akamkalisha kwenye mkeka, miguu mbele. Akayagusa magoti kwa vidole viwili, huku na huku, bila kusema kitu, kama mtu anachagua parachichi. Kisha akasema, "Kitambala?"

Mama akafungua mfuko wake akatoa kipande cha kitenge cha manjano chenye majogoo mekundu, kimefuliwa mpaka majogoo yamekuwa ya waridi. Mi nikakiangalia. Nguo zote za mama nazijua, si nyingi hivyo. Ile sikuwahi kuiona.

Bibi akakisugua kati ya vidole, akachomoa uzi mmoja pembeni, akauchoma kwenye mkaa, akanusa moshi. Mama we! Uzi wa nguo ya mtu, motoni, mbele ya macho yetu, mchana kweupe! Mama akafumba macho akaanza, "Kwa jina la Yesu, kwa jina la Yesu." Bibi naye akaanza kukata majani na "Bismillahi." Mama akapandisha sauti. Bibi hakupandisha, lakini hakuacha. Wakaenda hivyo, huyu kwa wake na yule kwa wake, kama vipaza sauti vya mtaa mmoja.

"Iko pamba," bibi akasema walipomaliza. "Pamba inanuka kama karatasi. Ya plastiki inafanya kidonge nyeusi. Kwani mulifikiri nini?"

"Hatukufikiri kitu," mama akasema.

Mi nilikuwa nimepiga magoti karibu na sufuria, na sikutoa macho hata kidogo. Nilisema moyoni, kama kuna kitu kinaingia humu ambacho hakina jina, nitakiona. Majani ya mbarika yaliyokatwakatwa. Majani ya mkalitusi. Tangawizi iliyopondwa. Manjano ya unga. Chumvi ya mawe. Mafuta ya ufuta, ya kutosha kuyafanya majani yalegee yasiungue. Kila kilichoingia nilikitaja kwa sauti.

"We unanichunga kama polisi," bibi akasema.

"Najifunza tu, bibi."

"Uongo. Mais endelea, utajua kazi."

Akayatia yale majani ya moto kwenye vipande vya kitambaa, akafunga kwa kamba, vikawa vibonge kama ngumi mbili tatu za mtoto mnene. Akakibonyeza kimoja kwenye sufuria yenye mafuta, akakipigapiga nyuma ya mkono wake mwenyewe kupima moto, akakisogeza kwenye goti la mama.

Mama akaweka mkono juu ya goti.

"Onja kwanza," akasema.

Bibi akasimama na kibonge chake hewani. Akanielewa mimi kabla hajamwelewa mama, maana mi nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Kwetu mtu hakupi pombe, hata maji, bila kuonja mbele yako. Anakunywa yeye, ndipo anakupa. Siyo matusi, ni heshima, na heshima yenyewe ilianza kwa sababu watu wanawajua watu.

"Hii hainywewi, mama yangu," bibi akasema. "Na mbarika hapana kutia mukinywa, hata kidogo."

"Sijasema unywe. Una magoti, huna?"

Bibi akacheka kicheko kirefu mpaka mtandio ukateleza. Akakaa chini, akapandisha gauni, akajikanda goti lake, kulia, kushoto, juu, chini, anapiga taratibu halafu anabonyeza na kuzungusha. Tukasubiri. Hakugeuka chura. Nikadhani imeisha, kumbe mama ananinyooshea kidole. "Na huyu."

"Mimi? Mimi mgonjwa?"

"Ile bega," bibi akasema, na kabla sijakimbia nikawa nimekandamizwa. Nilipiga kelele iliyomrudisha paka. Moto ule ulikuwa hauunguzi lakini unaingia, unatafuta mahali pako pabaya na kukaa hapo kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Baadaye bega likawa jepesi, jambo lililoniudhi, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kulalamika.

Ndipo mama akakubali. Bibi alimkanda mpaka mfuko wa kwanza ukapoa, akachukua wa pili uliokuwa unapata moto, akarudisha wa kwanza kwenye sufuria, hivyo hivyo kwa zamu, mikono yake haikosi mfuko na goti halipati baridi. Mama alikuwa amekaza uso kama anasubiri habari mbaya. Taratibu uso ukalegea. Mwishoni alikuwa anakoroma.

Jioni, bibi amekwenda kuswali, nikamuuliza.

"Mama, ile nguo ni ya nani?"

"Nguo gani?"

"Majogoo."

Akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akaangalia paka.

"Ya mama yako mdogo."

"Mke wa baba mdogo?!"

"Shusha sauti. Kama ni dawa, dawa itafanya kazi, goti haliulizi kitambaa ni cha nani. Na kama ni uchawi," akajitandaza vizuri kwenye mkeka, "basi uende unakostahili."

Yampaye inka, kama tunavyoshangaa kwetu! Nilicheka nikajiziba mdomo kwa mto. Mama alikuwa ametegua bomu kwa kulikabidhi nyumba ya pili. Lakini nilipoacha kucheka nikakumbuka jambo. Mama mdogo anazijua nguo zake kama sisi tunavyozijua zetu.

Tulikaa kwa bibi siku kadhaa. Kila asubuhi majani mapya, kila asubuhi mama anasema "onja," bibi anajionjea, na mwisho yakawa mazoea yao, wanacheka kabla hata jiko halijawaka. Mama alimwamini? Hapana. Aliniambia kwa sikio kwamba mtu mwema hivi lazima ana kitu. Lakini aliinuka mwenyewe kwenye mkeka. Akachuchumaa nusu. Sijui kama ni majani, au ni ule moto, au ni kwamba alikaa siku zote hizo hajashika jembe, na mi sibishani na kitu kinachotembea. Alipoondoka bibi alimfungia mifuko miwili iliyokauka vizuri, akamwambia siku ya shughuli aipashe na mafuta, ajikande, halafu aifunge juu ya magoti ndani ya nguo ishikilie joto.

"Na ikiisha iko kutupa," akasema. "Hii haikai miaka."

Wazee walitangaza siku. Nikaacha baiskeli Gitega kwa mwenzangu nikarudi Giteranyi. Asubuhi ile nikawasha moto, nikapasha mifuko, nikajipimia nyuma ya mkono kama bibi, mama akasema "onja," nikaonja. Tukafunga mmoja kila goti. Majogoo yalikuwa yanaonekana vizuri tu, wekundu umerudi kwa sababu ya mafuta.

"Mama, tuigeuze ndani nje."

"Itamwagika. Mimi nguo yangu ni ndefu. Nani ataniangalia magoti, kwa umri huu?"

Kilima kizima kilikuja. Wazee na fimbo zao. Baba mdogo kavaa koti lililotoka sandukuni na mikunjo yake yote. Mama mdogo nyuma yake, mikono kifuani, anaangalia miguu ya mama na tabasamu dogo la mtu anayejua mchezo utaishaje. Kila mtu alijua mama hakunji goti. Wengine nadhani walikuja kwa hilo.

Mama akaanza. Hakuruhusiwa kushikwa mkono. Akapita jiwe la kwanza, akasema, "Hapa tulizika kitovu cha mtoto wangu wa kwanza." Akapita mahali palipokuwa na jiko la zamani. Akafika kwenye minyaa ya juu, akashuka nayo, anauweka mguu, anausubiri, anauweka mwingine. Polepole, lakini anakunja. Nikaona tabasamu la mama mdogo linaondoka kidogo kidogo. Baba mdogo kila kona alisema, "Minyaa ni ya mbuzi," na mzee mkubwa akamjibu, "Tumesikia, tembea."

Katikati ya mteremko kulikuwa na mtaro wa kuzuia maji, upana wa hatua ndefu. Mama akasimama. Hakuna njia nyingine. Akaishika nguo yake kwa mikono miwili, akaipandisha, akavuka.

"Jogoo wangu!"

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Watu wakageuka kutafuta kuku.

"Kitenge changu! Kitenge changu kile, kwenye goti! Kaiba nguo yangu kaifunga na majani! Mrozi! Sasa mnaona anavyotembea? Anatembea na nguvu zangu! Mimi tangu juzi kiuno kinaniuma!"

Hapo hakukuwa na mtu wa kucheka. Lile neno kwenye vilima vyetu siyo la mchezo, watu wamehama kwa ajili yake. Niliona wanawake wawili wanarudi nyuma, mmoja anafunika mtoto wake. Shamba lilikuwa linaondoka, na sasa hata kile kipande cha mawe kilianza kuondoka nacho. Mama amesimama ng'ambo ya mtaro, nguo bado mkononi.

Mzee mkubwa akanyoosha fimbo. "Fungueni."

Mama asingeweza kuinama. Nikaruka mtaro, nikapiga magoti, nikafungua mfuko wa kulia, nikaumwaga kwenye jani la mgomba.

"Ni nini hivi?"

Na mimi, ambaye shuleni sikuwahi kumaliza shairi hata moja, nilivitaja vyote bila kumeza mate. Mbarika, mkalitusi, tangawizi, manjano, chumvi ya mawe, mafuta ya ufuta. Kila kitu nilikiona kikiingia kwa macho yangu, kwa sababu yule bibi wa Gitega nilikuwa simwamini hata kidogo. Nikaeleza na kitambaa kwa nini, pamba, wanga, plastiki. Ya kwamba na mimi nilidhani ni uchawi, nikaona bora niseme pia.

Mzee akanusa. Akamsogezea mwenzake, naye akanusa.

"Mmesahau nyama tu," mwenzake akasema.

"Onja," mzee mkubwa akaniambia.

Nikachukua majani nikajisugua shingo, mikono, na mashavu yote mawili, nikasimama mbele ya kilima kizima nimekuwa wa kijani na manjano. Watoto wakaanza kucheka. Wale wanawake wawili wakarudi mahali pao. Lakini mama mdogo moto ulikuwa bado haujazimika.

"Majani sawa! Na nguo? Nguo ni yangu!"

"Tunaongea nguo sasa," mzee akasema kwa upole. "Ilipotea wapi?"

"Si pale chini! Kwangu jua linaondoka mapema, nikaenda nikaianika kwenye minyaa yao, pale mpakani. Narudi, hakuna!"

Baba mdogo akakohoa, kikohozi kilichojikunja kama lile koti lake.

"Kwenye minyaa ya nani?" mzee akauliza.

Mama mdogo akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia bonde.

"Ya... ya mbuzi," akasema.

Kilima kikapasuka. Watu walicheka wakashikana. Hata mzee mkubwa alijifanya anapangusa jasho. Aliporudisha uso wake mahali pake akamgeukia mama, akamwuliza kama kweli kitambaa alikichukua yeye.

"Nilikiokota," mama akasema. "Kilikuwa kimeangukia upande wangu."

"Upande wako upi?"

"Huu," mama akasema, akanyoosha mkono juu ya udongo mweusi wote, mpaka bondeni.

Wazee hawakukata maneno pale pale. Walisema mpaka uliotembewa nusu ni nusu mpaka, amalizie. Na mama akamalizia, goti moja lina mfuko na lingine halina, anashuka ubavu ubavu, mi nyuma yake nanuka kama pilau. Pale chini kwenye mnyaa wa mwisho aliupiga shina kofi kama unavyompiga mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani, akashika hapo hapo, asianguke.

Kipande cha chini kikawa chetu. Mama alitozwa mtungi wa pombe ya mtama kwa ajili ya kitambaa, na baba mdogo mtungi kwa ajili ya mbuzi. Tukakaa kunywa pamoja, maana ndivyo inavyotakiwa. Mama akaonja wake akaupitisha. Baba mdogo akaonja wake. Mama akasema, "Onja tena."

Nilimpelekea bibi gunia lake la majani ya mbarika Gitega. Alilifungua mbele yangu, akapekua mpaka chini kabisa kuona kama sikujaza magugu. Nikampenda zaidi. Nikamsimulia habari ya majogoo, akacheka, halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Sasa kama ingekuwa uchawi, ingeenda kwake kweli?" Nikamwambia mi sijui, mwenye kujua si yeye? Akanipiga na kitambaa.

Magoti ya mama hayakupona moja kwa moja. Mvua ikianza yanakaza, na mi nimefundishwa, nawasha jiko nafunga mifuko. Siku moja ya mvua nikiwa nyumbani, mama mdogo akapanda kutoka chini, amejishika kiuno, kitu amekificha chini ya khanga. Alisimama mlangoni muda mrefu akiongelea maharage. Mwisho akakitoa: kitambaa cha pamba, cha bluu, kimelegea vizuri.

"Nasikia na kiuno inafanya," akasema. "Nimekuja na changu."

Mama akakipokea. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akakinusa.

"Karibu, kaa," akamwambia, kwa sauti tamu mno. Halafu akanitupia jicho.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilitoka kama mtu anayekwenda kuchukua kuni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaanza kuhesabu nguo zetu kwenye kamba ya chini ya upenu, moja baada ya nyingine, nione kama kuna ya bluu inayokosekana.